Plagi Katika Chumba cha Mama

"Toa mkono kwenye kipanya, Esma! Nakuona unavyochezea."

"Kipanya kipi, Nermin? Niko jikoni namenya viazi. Seva haina kipanya, haina kibodi, haina chochote. Umeshalewa saa nane mchana huko Graz?"

"Sijalewa, we mtoto. Mshale unatembea wenyewe."

Esma akaweka kisu chini na kuisogelea simu iliyokuwa mezani. Nje, ukungu na moshi wa makaa ya mawe vilikuwa vimeufunika mtaa wao katika mji wa Kakanj, hata mnara wa msikiti hauonekani. Seva ilikuwa kompyuta ya kuhifadhia kumbukumbu, kisanduku kidogo tu katika chumba cha marehemu mama yao, Hasnija, na ndani yake mlikuwa na rekodi arobaini na mbili za sauti yake, akiimba, akisimulia, akigombana na jirani. Nakala nyingine hakuna. Nermin alitaka kuzihamisha akiwa hukohuko ughaibuni, Graz, lakini kila alipoingia kwa mtandao alikuta skrini nyeusi, kwa sababu seva isiyounganishwa na skrini haioni haja ya kuchora picha. Asubuhi ile alimwelekeza dada yake achomeke plagi ndogo ya kuidanganya mashine, iamini kwamba skrini ipo na mtu ameketi mbele yake.

Safari hii picha ilikuja. Na kweli kulikuwa na aliyeketi.

"Anafanya nini?" Esma alinong'ona.

"Anasikiliza rekodi za mama. Moja mpaka mwisho, halafu anaifuta."

"Labda mwizi wa mtandaoni."

"Nimeangalia. Kutoka nje nimeingia mimi tu. Huyu yuko hapohapo kwenye mashine."

"Basi nikachomoe umeme!"

"Usithubutu! Diski ni kuukuu, ikizimwa ghafla haiwaki tena. Nipe muda nihamishe hata moja."

Esma akakumbuka vikombe vya kahawa. Mama aliweka kikombe kimoja zaidi kila siku kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, ila alikilaza kifudifudi na kusema bismillahi, akiogopa kitu kingine kisije kikakaa pale. Asubuhi ile, alipochomeka plagi, Esma hakusema bismillahi.

Alipita ukumbini na simu mkononi, na kadiri alivyokaribia mlango wa chumba ndivyo harufu ya sufi iliyolowa na majivu yaliyomwagiwa maji ilivyozidi, na ndani, ambamo hamkuwa na spika hata moja, alimsikia mama yake akisema maneno machache, kisha sauti nyingine, nzito na ya kukwaruza, ikiyarudia maneno yaleyale, ikikosea, ikirudia tena, ikilainika, mpaka Esma akashindwa kujua ni ipi iliyotangulia na ipi iliyofuata.

"Zimebaki tatu," Nermin alilia kwenye simu. "Subiri, nakuomba."

Alisubiri. Alimpenda mama yake, ndiyo maana alisubiri.

"Moja. Esma, imebaki moja!"

Akausukuma mlango. Hapakuwa na mtu, ila mto wa kiti cha mama ulikuwa umebonyea, na mbele ya macho yake ulianza kuinuka taratibu, kama mtu ndiyo kwanza ananyanyuka. Akaing'oa plagi, akang'oa na waya wa umeme, akakimbilia jikoni akisoma Ayatul Kursi kwa sauti, akiruka maneno, akianza upya.

Feni ya seva ikanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza.

"Umeokoa ngapi?" Esma aliuliza.

"Hakuna hata moja, mdogo wangu. Nisamehe."

Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa simu. Ndipo mlango wa mbele ukagongwa, polepole, na sauti ikasikika, safi, haina mkwaruzo hata kidogo:

"Esma, mwanangu, nifungulie. Mikono yangu imejaa."