Kibuyu cha Maji Baridi

Kila alfajiri, kabla michi haijaanza kulia vinuni, Mersih alipanda njia ya mawe kwenda kwenye chemchemi. Mkononi alibeba sadaka ya siku: wali, tambuu, maua na ndizi moja, vyote juu ya kipande cha jani la mgomba. Begani alining'iniza kibuyu. Huko juu aliweka sadaka kwenye jiwe, akachovya mkono majini, akanawa uso, akajaza kibuyu, kisha akateremka kwa baba yake aliyemsubiri kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga.

"Vipi maji, mwanangu?"

"Baridi, baba."

Baba naye alionja, ndipo akafungua vilango vya mianzi. Katika kijiji cha Tibunangka, kisiwani Lombok, hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwagilia shamba kabla ya neno hilo. Mwaka ule, ambao leo tunauhesabu kuwa 1257, kazi ya kubeba sadaka ilikuwa ya Mersih, binti wa miaka kumi na miwili, naye aliionea fahari mpaka akawachosha wenzake.

"Mpisheni bibi mkubwa wa maji!" rafiki yake Rumsah alizoea kumtania. "Asije akatunyima hata ya kunawa!"

Lakini fahari hiyo ilikuwa na hofu ndani yake. Watu wa Tibunangka waliamini kwamba chemchemi ikiharibika, mbeba sadaka ndiye aliyeichafua kwa kosa lake. Miaka miwili nyuma udongo uliporomoka, maji yakawa matope, na msichana aliyekuwa na kazi hiyo akapelekwa kwa wajomba zake mbali, pwani. Mpaka siku ya kuondoka kwake hakuna aliyekubali kula naye sahani moja. Mersih aliyaona hayo kwa macho yake.

Asubuhi moja njaa ilimzidi njiani, akaila ndizi ya sadaka. Aliimeza harakaharaka, akatupa ganda kichakani. Huko juu alichovya mkono majini. Maji yalikuwa vuguvugu, yananuka kama yai viza, na kamba wadogo walikuwa wakielea, wamekufa.

"Maskini mimi! Kwa ndizi moja tu?" alisema.

Alishika njia ya mkato hadi kwenye kijito kingine, ng'ambo ya bonde, akajaza kibuyu huko. Baba alipouliza, alijibu kama siku zote. Baba akaonja, na kweli yalikuwa baridi. Maji ya chemchemi yenyewe yalisafiri mbali mferejini, yakafika mashambani yamekwisha kupoa.

Kesho yake alidanganya vilevile, na mchana ardhi ikatetemeka. Vyungu vilianguka, nyati wa kulimia wakakata kamba, na mlima Samalas ukanguruma kutoka ndani kabisa. Mzee Gumirah, mkuu wa kijiji, aliwakusanya watu wote uwanjani, mbele ya maghala.

"Tuondoke, mzee," alisema kijana mmoja. "Mimi jana sikulala."

"Wewe hata paka akipiga chafya hulali!" Mama Kerti alimjibu, na watu wakacheka kidogo. "Mpunga umeiva hivi, tuuache? Huko tuendako tutapika nini, woga wako?"

Mzee Gumirah aliinua mkono. "Wazee wetu walituachia alama moja. Mlima ukitaka kuamka, chemchemi hupata joto kwanza. Baba Mersih, maji yakoje?"

"Baridi, mzee. Nimeyaonja mwenyewe asubuhi."

"Basi tutavuna."

Watu wakashusha pumzi. Mersih alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, akiyasikia yote. Kaya sitini zilikuwa zimebaki chini ya mlima kwa sababu ya kibuyu chake. Akisema kweli, atafukuzwa. Akinyamaza, huenda wakafa wote. Watu walipotawanyika kwenda shambani, naye akaenda nao.

Siku ya tatu alidanganya tena. Hakula wala hakulala.

Siku ya nne alipanda tena peke yake. Hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia. Nyani walimpita njiani, wazazi na watoto, wote wakiteremka upande wa baharini, wala hawakumtazama. Chemchemi ilikuwa ikitokota. Alichovya vidole, akapiga yowe na kuvitoa vikiwa vyekundu.

Alikimbia kuteremka, kibuyu kitupu kikimpigapiga mgongoni. Kwenye kibaraza cha nyumba ya kwanza alikaa Bibi Senah, nyanya yake Rumsah, ambaye miguu yake ilikwisha kukataa kutembea.

"We Mersih, unakimbia kana kwamba umeiba kuku! Una nini, mjukuu wangu?"

Mersih aliitazama ile miguu. Bibi huyu hawezi kukimbia hata hatua kumi, alifikiri, na mimi naogopa kufukuzwa kuliko kifo chake?

Alikwenda moja kwa moja shambani, ambako kijiji kizima kilikuwa kikivuna, akasimama juu ya tuta.

"Nisikilizeni!" alipaza sauti. "Maji si baridi. Leo ni siku ya nne. Nilikuwa nachota kwenye kijito, nawadanganya. Nilikula ndizi ya sadaka, nikaogopa. Sasa yanachemka. Tazameni!" Akawaonyesha vidole.

Shamba likalipuka kwa kelele.

"Kumbe ni huyu aliyetuchafulia!" alifoka Mama Kerti. "Siku nne unatutazama machoni!"

Baba yake alimtazama kama mtu aliyepigwa kibao, na hilo lilimuuma Mersih kuliko matusi yote.

"Nyamazeni!" alisema Mzee Gumirah. "Maneno tutayamalizia tukiwa hai. Acheni miundu. Chukueni watoto, wazee na mchele wa siku chache. Tunaelekea vilima vya kusini, sasa hivi!"

Waliondoka na jua likiwa utosini, wakaiacha nusu ya mpunga imesimama. Bibi Senah alibebwa kwenye machela ya mianzi. Kesho yake, wakiwa bado njiani, Samalas ulipasuka. Mchana uligeuka giza, mawe mepesi yakanyesha, na majivu ya moto yakawafikia waliokuwa nyuma. Watu walijifunika mikeka, wakashikana mikono, wakaenda wakikohoa na kulia. Bibi Senah hakuweza kuvumilia majivu yale. Alikata roho kabla ya kufika vilimani.

Wengine wote walipona. Tibunangka ilifukiwa na majivu, haikuonekana tena. Mwaka uliofuata, katika nchi za mbali ambazo wao hawakuzijua hata kwa jina, kiangazi kilikosa joto na mazao yakaharibika, na watu wa huko hawakujua kwamba sababu ilikuwa mlima mmoja wa Lombok.

Anga ilipoanza kupata mwanga kidogo, Mzee Gumirah alimwita Mersih mbele ya watu.

"Mlima hauamki kwa sababu ya ndizi, mwanangu," alisema. "Hilo sasa najua. Kosa lako ni uongo. Ukweli ulioficha haukuwa wako peke yako, ulikuwa uhai wetu sote. Lakini na sisi tuna kosa. Miaka miwili iliyopita tulimwadhibu mleta habari mbaya, tukawafundisha watoto wetu kutuficha. Kuanzia leo, anayeleta habari mbaya atapewa mahali pa kukaa na maji ya kunywa, kisha tumsikilize."

Baba yake alimshika bega, na Mersih akalia sana.

Watu walipotawanyika, Rumsah alibaki. Macho yake yalikuwa mekundu kwa majivu na kwa kilio.

"Nakuuliza kitu kimoja, Mersih. Ungesema siku ile ya kwanza, bibi yangu angekuwepo?"

Mersih angeweza kujibu kwamba hajui. Hapakuwa na mtu wa kumbishia.

"Angekuwepo," alisema.

Rumsah alitandika mkeka wake, akamsogezea maji ya kunywa. Kisha akaketi kando yake.