Dawa Mbili, Moyo Mmoja

Muuguzi alipima presha ya fundi saa mara mbili, akakunja uso. Kliniki ilijaa watu hadi mlangoni.

"Mbona imepanda hivi, baba?"

"Muulize huyu aliyekaa karibu yangu."

Huyo alikuwa mshona mapazia, mjane wa miaka hamsini, gauni la kijani limemkaa sawasawa. Alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Wakapeana namba za simu, na baada ya miezi mitatu wakapanga ndoa.

Basi ghafla mwanamume akaanza kujificha. "Nina kazi, laazizi, nitakupigia." Hapigi. Mama wa watu hakujua ashike lipi. Kama hamtaki, hilo laazizi la nini?

Akamfuata dukani. Alimkuta ameinamia meza, kichwa kinamgonga, macho mekundu. Kando ya saa zilizofunguliwa kulikuwa na kidonge cha nguvu za kiume, kimoja tu, kwenye karatasi.

"Hiki cha nani? Mimi hata mkono hujanishika vizuri!"

"Chako."

"Changu?"

"Cha... harusi. Rafiki yangu kanipa. Tangu nianze dawa za presha mwili hausikii. Nikaambiwa dawa hizi mbili hazipatani, basi nikaacha za presha kwanza, zitoke mwilini. Leo siku ya tano."

"Ee Mungu wangu! Mtu mzima wewe!" Alikasirika, akalia, akamkokota hadi kliniki.

Presha ilikuwa juu mno. Mwanamke akaeleza habari yote ya kidonge. Daktari akampa fundi dawa, kisha akamuuliza, "Una kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana?"

"Ninacho."

"Wenye presha wengi huweza kutumia dawa ya nguvu, tukishawapima. Wewe hapana. Ungechanganya na hicho cha kifua, presha ingeporomoka ghafla, ungekufa. Na za presha usiache mwenyewe. Zikikusumbua, sema tuzibadilishe. Mficha uchi hazai, mzee."

Nje, fundi alishindwa kumtazama mchumba wake. Aibu ilimjaa.

"Sasa utaolewa na mimi wa nini, mpenzi?"

Mwanamke akamfunga kifungo cha shati kilichofunguka alipopimwa.

"Marehemu mume wangu alikuwa na nguvu tele, laazizi. Alizipeleka nyumba nyingine."

Fundi hakujua acheke au alie.

"Wewe baki hai," mwanamke akamwambia, "unioe."