Mkuyu Ulionyolewa Kilele

Nyati wao wa kufugwa walikataa majani. Kiangazi kilikuwa kimeikausha milima yote ya Shiwalik, na mifugo ilikuwa imebaki mbavu tupu, lakini waliunusa mzigo alioushusha Alamdin wakarudi nyuma wakikoroma.

Mama yake, Hajra, akaokota tawi. Lilinuka nywele zilizoungua.

"Umekata mti gani?"

"Mkuyu wa chemchemini. Nimeunyoa wote."

"Na kilele? Marehemu baba yako hakugusa kilele cha mti hata siku moja. Alisema kina wenyewe."

"Mama nawe! Wenyewe ni kima na hondohondo. Wahamie kwingine, hifadhi yote hii ya wanyama ni yao, sisi tu ndio hatuna chetu."

Akacheka. Kicheko kikamkwama kooni, akaanguka. Kima waliokuwa wakigombana bondeni wakanyamaza wote kwa pamoja.

Hajra akamburuta mwanawe hadi kibandani, akaanza kusoma Ayatul Kursi polepole, kama alivyomsomea mumewe akikata roho. Alamdin akafumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya baba yake.

"Soma, mama Alamdin. Unasoma vizuri. Hata mimi nimehifadhi."

"Wewe si mume wangu."

"Ningekuwa yeye, ungenifukuza?"

Hajra akaanza kusoma upya, akakosea neno.

"Mmenibomolea nyumba. Sasa nakaa humu," ikasema, na kifua cha kijana kikabonyea kana kwamba mtu amekikalia, na midomo ikageuka rangi ya majivu, na harufu ile ya nywele ikajaa kibandani hata Hajra akawa anavuta pumzi kwa kuiomba, na huko nje nyati wakalia kama watu waliofiwa.

"Chukua nyumba yangu!" akanong'ona. "Mwache mwanangu, chukua hii nyumba."

"Na vilivyomo?"

"Vyote. Mwache yeye tu."

Alamdin akakohoa, akaomba maji.

Mchana uleule wakawaswaga nyati, wakashika njia ya malisho ya juu kabla ya majira yake. Penye kona Hajra akageuka. Moshi ulikuwa ukifuka kibandani. Sauti ya marehemu ikaagiza chai, na sauti ya mwanamke, iliyojaa furaha, ikaitika, "Naleta, baba Alamdin."

Ilikuwa sauti ya Hajra mwenyewe.

"Mama, mbona unalia?" Alamdin akauliza.

Hajra akafungua kinywa amjibu. Haikutoka sauti yoyote.