Daku la Siku ya Upasuaji

Kila Ramadhani, nyumba ya Nyanya Mwanaharusi pale Majengo, Thika, iliamshwa kabla ya alfajiri kwa kelele za mfuniko wa sufuria. Nyanya aliugonga kwa mwiko mpaka mtu wa mwisho aketi mkekani kula daku. Kwake yeye, kufunga bila daku kulikuwa ukaidi, si ibada.

Asubuhi moja ya Desemba, mwaka wa 1998, mjukuu wake Leila aliamka pamoja na wengine. Leila alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hiyo alitarajiwa kufanyiwa upasuaji hospitalini Ruiru.

Miezi minane kabla ya hapo, utumbo wake mpana ulijisokota na kipande kikaoza. Madaktari walikikata, wakatoa ncha ya utumbo nje ya tumbo, na tangu siku hiyo choo chake kiliingia katika mfuko uliobandikwa ubavuni. Mfuko ulimwokoa, lakini Leila aliuchukia. Darasani aliketi karibu na mlango. Kuruka kamba aliacha, na wenzake walipouliza, alisingizia mguu.

Sasa Daktari Macharia alikuwa ameahidi kuuunganisha utumbo huo bila kumpasua tumbo zima. Angetoboa matundu machache madogo, apitishe kamera nyembamba, kisha afanye kazi akitazama kwenye skrini. Mashine yenyewe ililetwa Ruiru mara moja kila miezi miwili. Leila alitaka jambo moja tu: kuingia darasa la saba Januari bila mfuko.

Muuguzi, Sista Nduku, alikuwa amemwagiza vizuri. Vitanda vilikuwa vimejaa, kwa hivyo alale nyumbani, anywe dawa ya kusafisha tumbo, na tangu jioni asitie chochote kinywani. Leila alisikia. Nyanya hakuwepo, aliambiwa tu kwamba mtoto atakaa bila kula, naye akadhani ni saumu.

"Kula, mjukuu wangu," Nyanya alisema, akimsogezea chapati mbili na maharagwe. "Mtu atashindaje njaa bila daku? Ukianguka huko, watasema hatulishi watoto!"

Siku mbili nzima Leila alikuwa ameishi kwa strungi, chai isiyo na maziwa, na dawa chungu. Mwenye njaa hana miiko. Baba yake, Tahir, alipomaliza kutawadha uani, sahani ilikuwa imeshapanguswa.

"Amekula kitu chochote?" Sista Nduku aliuliza walipofika hospitalini.

"Hapana, sista," Baba akajibu kwa moyo mweupe. "Huyu hajakula. Naapa."

Leila alitazama vidole vyake vya miguu. Akavalishwa gauni la kijani, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Chapati mbili ni nini, alijiuliza. Akisema, atarudi shuleni na mfuko. Akinyamaza, nani atajua?

Daktari Macharia akaja, akasoma karatasi. "Baba yako amesema hujakula. Lakini mimi humuuliza mgonjwa mwenyewe. Hujakula, sivyo?"

Baba alikuwa amesimama pale, akitikisa kichwa kwa uhakika wote. Alikuwa ameapa kwa niaba yake, na kiapo chenyewe kilikuwa cha uwongo bila yeye kujua. Hilo lilimchoma Leila kuliko mfuko.

"Nilikula daku," alisema. "Chapati mbili. Na maharagwe."

Sista Nduku akashika kichwa. "Ngai! Mungu wangu!"

Daktari akavuta kiti. "Ukipewa dawa ya usingizi, koo nalo hulala. Chakula kikipanda kutoka tumboni, huingia mapafuni. Mtu anaweza kufa pale mezani kabla sijatoboa hata tundu moja." Akaikunja karatasi. "Leo hatufanyi. Tuonane mwisho wa Februari."

Leila alilia mpaka Thika. Nyumbani, Nyanya alimaka: "Umenichongea kwa madaktari! Mimi nilikulisha, sikukutilia sumu!" Akanuna. Idi ikaja, ikapita, naye bado alimsemesha Leila kwa mkato. Januari Leila akaingia darasa la saba na mfuko wake, akaketi tena karibu na mlango. Ilimuuma sana.

Februari, Sista Nduku alimuuliza swali lile lile. "Sijatia chochote kinywani tangu jana jioni," Leila akajibu. Sista akaandika, hakumgeukia Baba.

Upasuaji ulichukua saa nne. Leila alipozinduka alipapasa ubavu. Mfuko haukuwepo. Palikuwa na bandeji, na plasta ndogo tatu tumboni. Siku ya tatu alienda chooni kama watu wengine, akatoka akicheka peke yake.

Jioni hiyo Nyanya alifika na chupa ya uji. Hakuifungua. Kwanza alimfuata Sista Nduku hadi mwisho wa wodi kumuuliza, "Sista, anaruhusiwa?" Aliporuhusiwa, akaketi kitandani, akammiminia mjukuu wake kikombe.

"Leila," alisema kwa sauti ya chini, "wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Ungeficha chapati zangu, kilio kingekuwa changu. Mimi nilikulisha kwa mapenzi bila kuuliza, nikakaribia kukuzika. Wewe ulisema kweli, nami nikakununia miezi miwili. Mbele ya daktari, sema kweli yote, hata kama itamkasirisha nyanya yako. Nyanya akinuna, siku moja atacheka. Aliyezikwa harudi."