Petroli ya Shangazi Hildegarda

"Zima hilo gari, Kornelio," nikamwambia.

"Nikilizima huenda lisiwake tena."

"Basi lisiwake. Nimechoka kutikiswa kama mahindi kwenye ungo."

Akalizima. Tulikuwa tumefika kijiji cha Ulaya, nusu ya njia kutoka Mikumi kwenda Kilosa, na Pijo kuukuu la mchumba wangu lilikuwa linakohoa tangu tulipoacha lami. Nyuma, shangazi Hildegarda alikuwa anatafuna tangawizi. Alianza jana jioni alipofika kwangu na lori, kanibebea debe la petroli ya safari hii, na mpaka sasa analalamika mdomo wake una ladha mbaya.

Nikashuka, nikaubamiza mlango.

"Mara ya kwanza ya kwenda kwetu kuposa uliumwa," nikamwambia. "Mara ya pili bosi hakukupa ruhusa. Leo ni gari. Kama hunitaka sema, mimi ni mwalimu, nina mshahara wangu, sitakufa."

"Kosta, mshenga wangu yuko Kilosa tangu jana. Ningemtanguliza kama sikutaki?"

"Mshenga hanioi."

Wewe msomaji ungekuwa mimi ungesema nini? Baba mkubwa Filipo, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa amekuja kwa shangazi, Kilosa, kutoka Magole kwa ajili ya posa hii. Ilikuwa Jumapili, na miaka ile gari la mtu binafsi likikutwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali, ni kesi. Ili awahi kufika kwake, ilimlazimu aondoke Kilosa saa sita. Na alishatamka: kijana asipofika kabla hajaondoka, atamkubalia Onesphory, bwana shamba wa Kilangali. Onesphory ni mtu mzuri tu. Ila simpendi, ndiyo hivyo.

Nikaitazama saa yangu. Saa tano ilikuwa imepita.

"Filipo haendi popote," akasema shangazi kutoka ndani ya gari.

"Shangazi, unamjua kaka yako. Akisema saa sita ni saa sita."

"Nimekwambia haendi popote. Mwache kijana afanye kazi."

Kornelio alifungua boneti, akaliwasha gari, likatetemeka. Akashika kitambaa, akaanza kuchomoa waya za plagi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, injini ikazidi kulegea. Akairudisha. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hakuna kilichobadilika.

"Silinda hii haifanyi kazi," akasema. "Ndiyo inayomisi."

"Na mimi nifurahi?"

"Njoo ushike hapa badala ya kugomba."

Nikaenda, nimenuna. Akaifungua plagi, akanionyesha cheche. Ilikuwa nzuri, ya buluu. Kisha akanipa plagi niiguse. Ilikuwa kavu.

"Cheche ipo, petroli haifiki," nikasema kabla sijajizuia.

"Umeona? Gari hili halina kabureta. Kila silinda ina bomba lake na nozeli yake ya kunyunyizia petroli, pampu inasukuma. Tatizo liko hapo."

Akaifungua nozeli, akachomoa kichujio kidogo mno, akakipuliza kwenye kiganja changu. Nyuzi laini zikadondoka. Nyekundu.

Tulitazamana. Kisha sote wawili tukageuka kumtazama shangazi, aliyejifunika magoti kwa blanketi jekundu.

"Shangazi," akasema Kornelio taratibu, "ile petroli uliichuja kwa kitu gani?"

"Kwa hili. Debe lilikuwa na kutu, nikasema nisije nikakuharibia gari, mwanangu. Kitambaa chepesi kingepitisha uchafu."

"Na wewe chujio kubwa la gari liko wapi?" nikamgeukia Kornelio.

"Liliziba. Spea hakuna hata Morogoro. Nikalitoa." Akajikuna shingo. "Hilo ni kosa langu."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakawa machozi kweli. Hakuwa anakwepa. Mwanaume wa watu alitaka kunioa, na gari lilikuwa na nyuzi za blanketi kooni. Akanifuta shavu kwa mkono wenye grisi.

"Nakutaka, Kosta. Nilidhani unajua."

"Nilitaka nikusikie ukisema."

"Haya, mtasemezana kwenu," akasema shangazi. "Fungeni hicho kidude twende."

Pijo lilinguruma vizuri, lakini tuliingia Kilosa saa saba imepita. Njia nzima nililia kimya kimya. Kornelio alikanyaga mafuta. Shangazi alitafuna tangawizi.

Tulipokata kona ya nyumbani kwa shangazi, nikainuka kitini. Landrova ya baba mkubwa ilikuwa uwanjani, boneti juu, mwenyewe amesimama pembeni na koti la kanisani, amefura.

Kornelio akamwendea, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa Mikumi?"

"Ndiyo, baba. Nimechelewa, naomba radhi."

"Radhi baadaye. Nitazamie gari hili. Toka saa sita nalipiga stata, linagoma. Na Ijumaa nimefika nalo zima."

Kornelio akainamia injini, akazunguka, akafungua mfuniko wa tangi. Nilikuwa nyuma yake, nikaona alichokiona: uzi mwekundu umenasa mdomoni mwa tangi. Ladha mbaya ya mdomo wa shangazi nikaielewa hapo hapo. Alinyonya petroli ya kaka yake kwa mpira. Mama mtu mzima, mama wa kanisa.

Shangazi alikuwa anakitazama kibanda cha kuku kwa makini sana.

"Gari ni zima, baba," akasema Kornelio. "Halina petroli tu."

"Lilikuwa na nusu tangi. Imekwenda wapi?"

Kornelio akamtazama shangazi, akanitazama mimi. Nilijua angeweza kusema hajui.

"Imekuja kunichukua mimi, baba."

Baba mkubwa akachungulia tangi, akauona uzi. Akamgeukia dada yake, na blanketi lake, na tangawizi yake. Mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akashika boneti.

"Hildegarda, wewe."

"Ulisema saa sita, kaka. Ningefanyaje?"

Akaifunga boneti, akavua koti, akamkabidhi Kornelio alishike.

"Mwiteni huyo mshenga. Leo sina pa kwenda, na Onesphory nitamwambia mwenyewe."

Nikaingia jikoni kubandika chai.