Baba Hakutaka Mlango Ufungwe

"Muongo."

Neno hilo lilitoka viti vya nyuma, chini ya turubai, mbele ya watu zaidi ya mia mbili na jeneza la baba yangu.

Na aliyeshika maikrofoni ni mimi...

Nilikuwa nasoma wasifu wa marehemu. Nilikuwa nimefika ile sehemu kaka yangu aliyoipenda kuliko zote: "Vitani, Sajini hakumwacha mwenzake nyuma hata mmoja."

Mzee mmoja akasimama taratibu. Mguu wake mmoja ulikuwa wa bandia.

"Aliniacha mimi," akasema.

Jamani, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Kulia jeneza. Kushoto wifi yangu na simu, anarekodi. Mbele umati, nyuma ukuta. Sina pa kutokea.

Kaka akaninong'oneza, ameyabana meno:

"Endelea kusoma."

Sikuweza. Maana aya ya mwisho ya karatasi ile ilikuwa na uongo mwingine, na huo ulikuwa wangu. Ilisema baba alikata roho mikononi mwangu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Baba alitoka vitani bado kijana, akaoa, akatulea watoto wawili kwa ufundi redio. Mashati yetu ya shule alikuwa akiyapiga pasi mwenyewe, mikunjo imenyooka kama anatupeleka gwaride. Mama alipofariki, akajifunza kunisuka nywele. Zilikaa upande, lakini alisuka.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Nyumbani kwetu mlango haufungwi. Makomeo yote aliyang'oa, na bafuni aliweka pazia. Ukioga, unaimba ili watu wajue uko ndani. Ukinyamaza, imekula kwako.

Wageni walikuwa wakicheka sana. Mimi nimeishi humo miaka arobaini na moja. Kaka alioa akahama, nikabaki kumtunza mzee. Sijawahi hata kulia peke yangu. Mchumba wangu alikuja mara mbili, akaliangalia lile pazia, mara ya tatu hakuja.

Nyumba iko wazi kila upande, na mimi nimefungwa ndani.

Mwezi uliopita nikanunua komeo, nikalipigilia kwenye mlango wa chumba changu.

"Mwanangu, usifunge," baba akasema.

"Baba, mimi ni mtu mzima."



Haya, turudi msibani.

"Mpeni mzee maikrofoni," nikasema.

Kaka akanitolea macho. Nikaenda nikampa mwenyewe.

Mzee akaeleza kwamba jeshini walikuwa wakimwita Koplo. Handaki lao lilikuwa na mlango wa chuma. Amri ilikuwa moja: filimbi ikilia, aliye karibu na mlango anaufunga, na haufungui tena, abishe nani asibishe nani.

Siku hiyo aliyekuwa karibu ni baba. Ndani kulikuwa na watu kumi na mmoja. Koplo alikuwa nje, amebakiza hatua tatu.

"Nilimwita kwa jina lake. Akaniangalia, akafunga. Nikabisha mpaka mikono ikaisha nguvu. Wale wa ndani wote walipona. Mimi mguu wangu ulibaki pale."

 Na mimi hapo ndipo nikaelewa lile pazia la bafuni.

"Vita vilipokwisha, akaja kwangu," Koplo akaendelea. "Akabisha, sikufungua. Akaja mwaka uliofuata, na uliofuata... Miaka arobaini na tatu, tarehe ileile. Anabisha, anakaa kwenye ngazi mpaka jua linazama, anaondoka. Mimi niko ndani, nimeshika kitasa."

Hapo nikakumbuka. Kila mwaka kulikuwa na siku moja baba anatuaga asubuhi, anasema anafuata vipuri vya redio.

"Mwaka huu hakuja, nikajua kuna jambo. Nimeulizia njia mpaka hapa, nimekuta jeneza limeshafungwa."

"Mzee," nikamuuliza, "ulishindwa kabisa kumsamehe?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Nilimsamehe mwaka wa nne, mwanangu. Baada ya hapo nilikuwa naona aibu tu kufungua."

Kaka akanirudishia maikrofoni.

"Soma aya ya mwisho tumalize."

Nikaikunja ile karatasi.

"Baba hakufia mikononi mwangu," nikasema. "Jumanne mchana tuligombana, nikajifungia chumbani. Akabisha. Nikamsikia vizuri, nikajifanya nimelala. Akabisha tena, kisha akanyamaza. Na mimi nikaona raha, kwa mara ya kwanza maishani. Nilipofungua saa kumi, alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mlango wangu. Alikuwa ameshapoa."

Kaka akakaa chini. Wifi akashusha simu. Hakuna aliyeniambia pole, na wala sikuitaka.

Koplo akaja mpaka nilipo, anaburuta ule mguu, akanishika mkono.

"Alibisha kwa nguvu?"

"Hapana. Polepole, kama anaomba radhi."

"Na kwangu hivyohivyo," akasema.

Tukalia wote wawili, mbele za watu, bila pazia.

Ndugu zangu, siwaambii mkang'oe makomeo. Mtu ana haki na mlango wake, na hilo nalisema hata kaburini kwa baba. Ninachosema ni hiki: kama huyo uliyemnunia ulishamsamehe zamani, na kinachokuzuia ni aibu tu ya kuanza, iache hii simu unayosomea sasa hivi ukamwambie. Koplo alijua tangu mwaka wa nne. Mimi nilijua Jumanne ileile, nikiwa nimelala macho, namsikia anapumua upande wa pili.