Jina Lililochorwa Kwenye Tangi

Jioni hewa ikipoa ndipo injini huvuta pumzi vizuri, kwa hivyo tulitoka Kitengela jua likianza kulala. Mpwa wangu Masila mbele, ameshika usukani. Mimi nyuma, laptopu imefungwa tumboni kwa kamba ya mpira, kama mama aliyebeba mtoto upande usiofaa.

Cheka tu. Nimefungua injini Lubumbashi, Durban na Dubai, na kila mji uliniongezea kitambi badala ya akili. Lakini ramani ya mafuta naijua. Mwaka ule, 2006, pikipiki kubwa zilikuwa zimeshaacha mambo ya kabureta na bisibisi. Ziko na kompyuta, na ndani yake mna jedwali lenye vyumba vidogo vidogo. Kila chumba huiambia injini: ukizunguka kwa kasi hii, na mkono wa moto, ule wa kuongezea mwendo, umefunguliwa hivi, kunywa petroli kiasi hiki. Nilikuwa nimechomeka kifaa kwenye silansa kinuse moshi. Masila aendeshe, mimi nisome. Chumba chenye kiu nakiongezea, chumba kilicholewa nakipunguzia.

Pikipiki yenyewe Masila aliitoa kwenye boma moja karibu na Kajiado, ilikokuwa imefunikwa turubai tangu mwenyewe, kijana wa boma hilo, afe. Huyo kijana alipatikana amekufa kando ya barabara, hana hata mkwaruzo. Pikipiki ilikuwa kando yake, imesimama kwenye stendi, injini ikinguruma.

Mama yake, Naipanoi, ndiye aliyetukabidhi ufunguo. Aliomba jambo moja tu.

"Vitu vyake chukueni. Jina lake tuachieni."

Wamaasai wa kale hawamtaji marehemu. Jina linaenda naye; ukilitaja, unamwita. Nilielewa, nikainamisha kichwa. Lakini Masila alizaliwa na kulelewa hapa mjini, mtoto wa Mkamba, na chini ya kiti akalikuta jina limekwaruzwa kwa msumari. Likampendeza. Akalichora kwenye tangi kwa rangi nyekundu.

KOINET.

"Futa hiyo kitu," nilimwambia.

"Anko, hiyo ni jina ya pikipiki sasa."

"Mama yake alisemaje?"

"Mama yake haishi Kitengela." Akacheka. "Wewe umezunguka dunia yote na bado unaogopa rangi?"

Nikaiacha hiyo rangi. Mtu akikutajia safari zako, unaona aibu kuogopa.

Tulipita Isinya. Barabara ikanyooka, tupu, mbuga pande zote. Namba zangu zilikuwa nzuri. Masila akapiga tangi kofi, kama mtu anayemchapa farasi.

"Twende, Koinet!"

Injini ikaitika.

Kunguruma nakujua. Huko hakukuwa kunguruma. Ilikuwa sauti fupi, ya koo, kama mtu aliyeamshwa... Kwenye kioo cha laptopu vyumba vikaanza kulia kiu. Barabara ni tambarare, mwendo ni uleule, lakini injini ilikuwa inavuta kama imeongezewa mzigo.

Halafu nikashikwa kiuno.

Nyuma yangu hakukuwa na nafasi hata ya andazi. Nilikijaza kiti chote, hilo sijivunii. Lakini mikono miwili ilipita mbavuni mwangu, myembamba, baridi hata juu ya koti, vidole vikafungana juu ya laptopu. Na kwa mwendo ule ambao upepo haukuachii hata harufu ya jasho lako, nikasikia harufu. Maziwa. Maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi.

Mstari wa mkono wa moto ukapanda kwenye kioo. Ukapanda. Ukagonga juu.

"Masila! Rudisha mkono!"

"Nimerudisha!"

"Rudisha, mjinga wewe!"

"Anko, ona!"

Akainua mkono wa kulia hewani. Mtupu. Mstari haukushuka.

Sikioni mwangu mtu akanong'ona.

"Yeyo..."

Kimaasai changu ni cha kuombea chai, lakini hilo nalijua. Mama.

Nilinyoosha mkono kupita kwapa la Masila nikazima ufunguo. Tuliserereka kimya mpaka pikipiki ikasimama yenyewe. Kengele za ng'ombe zililia mbali. Kiunoni mwangu hakukuwa na kitu.

Masila aligeuka, anacheka, macho yamejaa machozi.

"Anko... umeskia vile inavuta?"

Nyumbani nilimweleza dada yangu Mutindi, mama yake Masila. Hakunicheka, na yeye ndiye hunicheka kuliko watu wote. Alinishika mkono.

"Mwololo, mimi sina mwingine. Ni huyu. Fanya kitu."

Mganga simjui. Pasta angeniuliza kwa nini sionekani kanisani. Nikafanya cha fundi. Masila akiwa anaoga, nilichomeka laptopu nikapita vyumba vyote vya ramani, kimoja kimoja, nikiondoa petroli mpaka nikaacha ya kuwasha tu. Kwa ramani ile, mnyama yule asingeweza kupita punda. Kisha nikachukua thina na kitambaa, nikalisugua lile jina mpaka tangi likabaki jeupe.

Kesho yake jioni Masila aliliona tangi. Hakupiga kelele. Aliliangalia tu, akalipapasa pale palipokuwa na herufi.

"Anko, kwa nini unamfanyia hivi?"

Kumfanyia. Sio kuifanyia.

"Shuka, baba," Mutindi alimwambia. "Shuka, chai iko tayari."

"Nakuja, mathe."

Akawasha. Injini ikakohoa kwa njaa, kama nilivyopanga. Ikakohoa tena. Nilianza kutabasamu, Mungu anajua, nilianza kutabasamu. Masila akalala juu ya tangi, akaweka mdomo karibu na chuma, akasema neno moja ambalo sikulisikia wala sikuhitaji kulisikia.

Ikatoka getini kama risasi.

Mimi ndiye niliyeiandika ramani ile. Hakukuwa na petroli ya kuibeba hata mpaka kona. Mpaka leo sijui ilikuwa ikinywa nini.

Mutindi aliingia kwenye pikapu yangu kabla sijapata ufunguo. Njia nzima ya Kajiado alikuwa akinionyesha kando ya barabara, kila gunia, kila kivuli cha mgunga. "Simama, ni yeye." Sio yeye. "Simama, Mwololo." Sio yeye.

Tuliikuta bomani kwa Naipanoi. Imesimama kwenye stendi, injini ikinguruma taratibu, imeshiba.

Masila hakuwa chini. Nilishukuru kwa sauti, kama mpumbavu.

Alikuwa mbele ya nyumba, amesimama wima kabisa mbele ya Naipanoi, kwa namna ambayo hakuwahi kusimama, yeye aliyekuwa akitembea kama ana spring magotini. Akainamisha kichwa polepole, kama watoto wa Kimaasai wanavyoinamia wazee waguswe utosini. Hatukumfundisha hilo. Kimaasai chake chote kilikuwa "supa" ya kuwasalimia wasichana.

"Yeyo," akasema. Kisha akaendelea, maneno mengi, laini, bila kukwama.

"Masila!" Mutindi alikuwa ameshuka anakimbia, kiatu kimoja kimebaki garini. "Masila, mwana wakwa!"

Hakugeuka. Hata bega halikutikisika, kama mtu anayesikia jina la jirani.

Naipanoi alituangalia sisi. Alimwangalia dada yangu kwa muda mrefu, mama kwa mama, na machozi yakimtoka. Mkono wake ulikuwa umekunjwa ndani ya shuka. Nilijua anajua mwili ule ni wa mtoto wa nani. Nikamtikisia kichwa. Usimguse, mama. Tafadhali. Usiitike.

Mkono ukatoka kwenye shuka. Ukatua juu ya kichwa cha mpwa wangu, ukakaa hapo.

"Koinet," akasema.

Nyuma yetu injini ikazimika yenyewe. Kwenye kile kimya dada yangu akaendelea kumwita mwanawe.